Kupima presha nyumbani: mkanda ndio uliotutesa

Mjomba alinipigia simu amechanganyikiwa: dawa anameza, lakini mashine yake mpya inasoma 158/94. Jumamosi nikaenda kwake.

1. Mashine. Chukua ya kufunga mkono juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono usiniletee. Ukiishusha kidogo chini ya usawa wa moyo, namba inapanda.

2. Mkanda. Tulibadilisha betri, tukabadilisha kiti, tukakaribia kugombana. Kumbe mkono wa mjomba una mzunguko wa sm 36, na mkanda uliokuja na mashine umeandikwa 22–32! Mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli, mkubwa mno husoma chini. Kwa hiyo pima kwanza kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ukinunua mwingine, uwe wa kampuni ile ile iliyotengeneza mashine. Ufunge kwenye ngozi, si juu ya shati. Na mkono wa shati ukiukunja ukakubana, bora uvue shati. Ukingo wa chini ukae kama sm 2 juu ya kikunjo cha kiwiko, vidole viwili vipite chini yake. Wa 22–42 ulisoma 141/86.

3. Kojoa, kisha kaa dakika 5 bila kuongea, umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa.

4. Mara 2 asubuhi kabla ya dawa, mara 2 jioni, ukiachia dakika 1 katikati. Siku 7. Za siku ya kwanza tupa, zilizobaki tafuta wastani. Kwa nyumbani, 135/85 kwenda juu ni presha.

“Mbona siumwi?” akauliza. Nikamchorea mshipa. Ndani umetandikwa utando wa seli, tabaka moja tu, na ndio unaotoa nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa. Presha ikiuchosha utando miaka na miaka, gesi hupungua, mshipa unakakamaa, lehemu (mafuta ya kolesteroli yaliyo kwenye damu) inapenya chini ya utando na kujijenga humo. Yote hayo kimyakimya. Daktari akikumulika macho anatafuta hilo: nyuma ya jicho mishipa midogo huonekana bila kupasua mtu.

5. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki vizuri, acha mashine, nenda hospitali.

Wastani wa mjomba ulikuwa 139/87. Alitaka kujiongezea kidonge. Nikamnyang'anya kopo, nikampa daftari apeleke kliniki.