Kuikimbiza mota kupita Hz 50 kwa inveta

Kwenye vinu na mashine za kukamua alizeti za Dodoma, Kibaigwa hadi Singida, mota za feizi tatu zimeundwa kwa umeme wa Hz 50 (mawimbi 50 kwa sekunde). Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika ukiipa Hz 60 kwa inveta (kifaa kinachobadili Hz za umeme ili kubadili mwendo wa mota), itakimbia karibu 1,740. Wengi hudhani na nguvu imepanda. Haijapanda. Inveta inapokea volti 400 na haiwezi kutoa zaidi ya hapo, kwa hiyo Hz zikiongezeka volti zimegota, sumaku ndani ya mota hufifia. Kwenye Hz 60 nguvu ya kuzungusha hubaki asilimia 83, kwenye Hz 75 asilimia 67. Uwezo wa kuhimili mzigo wa ghafla bila kukwama huanguka vibaya zaidi: asilimia 44 kwenye Hz 75.

Kwa hiyo tazama mzigo kwanza. Pampu na feni ndizo hatari: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 20, nguvu inayohitajika hupanda mara 1.73. Kama pampu tayari inakula ampea zote zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, usiiguse. Kwenye kinu cha nyundo, kwa ongezeko hilohilo mvutano wa nyundo kwenda nje hupanda mara 1.44, na nyundo ikichomoka huua mtu. Usivuke mwendo ulioandikwa na mtengenezaji wa kinu.

Mzigo ukiruhusu, ingiza ampea za kibao kwenye inveta, acha Hz ya msingi (ambapo volti hufika kamili) iwe 50, kisha pandisha kikomo cha juu cha Hz kwa Hz 2 kila mara. Iache ifanye kazi na mzigo kamili nusu saa. Soma ampea kwenye kioo cha inveta. Klampu mita (ya kupima ampea kwa kubana waya) ya bei nafuu hudanganya upande wa mota.

Ukitaka mwendo bila kupoteza nguvu ya kuzungusha, tafuta mota iliyoandikwa 230/400 (volti 230 koili zikiunganishwa delta, 400 zikiunganishwa nyota), ifunge delta, weka Hz ya msingi 87 kwa volti 400. Ya kW 1.5 yenye ampea 5.9/3.4 (delta/nyota) hutoa takriban kW 2.6, ila inveta ichaguliwe kwa ampea 5.9. Mota ya 400/690 haifai. Ile ya 230/400 ikiwa imefungwa delta, isiunganishwe kamwe moja kwa moja na umeme wa TANESCO: itaungua.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na inveta nyingi hupunguza uwezo kuanzia mita 1,000. Vumbi la kiangazi huziba feni yake. Ipulize kila wiki. Mtetemo ukizuka kwenye Hz fulani, iambie inveta iiruke.