Kuhamia nchi ya kigeni kikazi: anza na karatasi
Kabla ya kukata tiketi, hakikisha pasipoti ina angalau miezi 6 mbele kabla ya kuisha muda wake. Nchi nyingi hazikubali pungufu ya hapo. Kisha linganisha jina lako, herufi kwa herufi, kwenye pasipoti, vyeti na mkataba. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule vinatosha kukwamisha kibali cha kazi, na kurekebisha ukiwa mbali ni usumbufu mkubwa mno.

Ukifika, huenda ukakutana na fundo hili: benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Wa kulifungua ni mwajiri. Mwombe mapema barua inayotaja mshahara, tarehe ya kuanza kazi na anwani yako ya muda. Na tafadhali, usitume amana ya nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani. Hapo ndipo wengi hutapeliwa.

Upweke mara nyingi hauji wiki ya kwanza. Huja mambo mapya yakishazoeleka. Chagua duka moja, nenda saa ileile, salimia kwa lugha yao hata ukijikwaa. Baada ya muda muuzaji atakuuliza mbona jana hukuonekana.