Uzio wa mchongoma kwa bustani za kandokando ya Ziwa Victoria

Mbuzi hapiti juu ya uzio, hupita chini. Hupiga magoti ya mbele, akaingiza kichwa kwenye upenyo usiozidi mdomo wa ndoo, kisha akasukuma mabega mpaka mwili wote ukafuata, na hapo mchicha na miche ya nyanya hubaki bila mtetezi. Mwenye bustani anayelikuta jambo hilo kwa mara ya kwanza hulaumu urefu wa uzio wake na kuongeza seng'enge juu, ilhali kasoro iko kwenye sentimita 40 za kwanza kutoka ardhini. Makala haya yanaeleza namna ya kuziba sentimita hizo kwa mchongoma, mti wetu wa porini unaozaa matunda madogo mekundu yanayofanana na cheri.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, kwa sababu watu wengi huita michongoma kila uzio wenye miiba. Ninaouzungumzia hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Flacourtia indica, wenye majani yenye meno madogo pembeni, miiba mirefu kwenye shina na matawi machanga, na tunda linaloanza kijani, likawa jekundu, kisha likaiva kwa rangi ya zambarau iliyokolea. Uko mwingine, Dovyalis caffra, uliotoka kusini mwa Afrika na ambao majirani zetu wa Kenya huuita kaiyaba. Huo tunda lake ni la njano na ni kubwa zaidi. Maelezo ya upandaji na ukataji yaliyomo humu yanaifaa yote miwili. Cheri mwitu ya Ulaya, Prunus avium, ambayo wenzetu wa huko huichanganya kwenye uzio wa bustani zao, haitufai, kwa kuwa huhitaji miezi ya baridi kali ndipo itoe maua vizuri, na Mwanza, hata kama ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya namna hiyo. Aliyeahidiwa mbegu zake asizitolee fedha.

Katika Usukuma uzio wa jadi ni minyaa, na sina nia ya kuudharau. Hushika kwa kuchomeka kipande tu, huvumilia ukame na mifugo haiugusi. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya, hivyo haupaswi kuzunguka bustani ambako watoto hutumwa kuchuma mboga kila jioni. Tena minyaa iliyozeeka huwa mitupu chini, na hapo ndipo yule mbuzi wetu hupiga magoti. Lantana, ambayo wengi huipenda kwa maua yake, huenea mashambani kupitia ndege na ni sumu kwa ng'ombe, kwa hiyo siishauri kabisa. Mchongoma una sifa moja kubwa kuliko hizo zote: ukiukata, hujibu kwa kutoa matawi mengi kuliko uliyoondoa.

Mchongoma haubagui sana udongo, ila usiudhulumu. Kwenye luseni, yaani mchanga wa miteremko ya chini ya vilima vya mawe, hukua vizuri ukipewa samadi, kwa sababu maji hupita upesi lakini chakula cha mmea ni kidogo. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaonata, panda juu ya tuta la sentimita 30 ili mizizi isizame wakati wa masika. Kwenye ibambasi, ardhi ile ngumu yenye magadi ambayo hata nyasi huota kwa madoa, usipoteze miche. Hapo ni afadhali minyaa. Jambo jingine la kupima kabla ya kushika jembe ni umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na bustani yenye uzio inaingia moja kwa moja kwenye katazo hilo. Wenye mashamba ya ufukweni wafahamu pia kwamba hakuna uzio wa miti unaomzuia kiboko. Huyo hutembea ndani yake kama anapita kwenye nyasi, na shauri lake hupelekwa kwa afisa wanyamapori.

Mbegu hupatikana kwenye matunda yaliyoiva kabisa. Watoto wanajua namna ya kuyatambua: hulichukua tunda, wakalisugua taratibu kati ya viganja mpaka likalegea, kwa sababu kusugua huko hupunguza ule ukakasi unaokausha ulimi, kisha wakalila na kutema mbegu. Mbegu hizo wanazotema, ndogo na bapa, ndizo tunazozitafuta. Yaponde matunda kwenye maji, osha nyama yote iishe, anika mbegu kivulini kwa siku mbili au tatu, kisha zisie kwenye kitalu chenye udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza. Huchelewa kuota na hazioti kwa pamoja, kwa hiyo usikimwage kitalu baada ya wiki mbili ukidhani umeuziwa mbegu mbovu. Miche ikipata majani manne ihamishie kwenye viriba, na mwezi mmoja kabla ya kuipeleka shambani uwe unapunguza kivuli na maji kidogo kidogo ili izoee jua. Kwa kuwa miche huhitaji nusu mwaka au zaidi kitaluni, anayetaka kupanda Novemba anatakiwa awe amesia kufikia Aprili. Vipandikizi na machipukizi ya mizizini nayo hushika, na yana faida nyingine nitakayoieleza kwenye matunda.

Nimetaja Novemba kwa makusudi. Wengi husubiri masika ndipo wapande, na ninaona hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la ukataji nitakalolieleza mbele. Mche uliopandwa Aprili hupata mvua za wiki chache tu, kisha hukabiliwa na kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba ukiwa na mizizi isiyozidi urefu wa kiganja. Uliopandwa Novemba, vuli inapokuwa imelowesha udongo kiasi cha kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, hupita kwenye ukavu mfupi wa Januari na Februari ukisaidiwa kwa maji ya kopo, ukapokea masika yote, na Juni huingia ukiwa umejitegemea.

Kabla ya kuchimba, kaa na jirani. Kamba ivutwe mbele yake na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mstari wako uingie ndani ya mpaka kwa mita moja, kwa sababu mchongoma uliokomaa hunenepa, na nafasi hiyo ndiyo utakayosimama siku ya kuukata upande wa nje. Chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 40, changanya udongo wa juu na samadi kwa kipimo cha ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita tatu, kisha panda mche mmoja kila sentimita 30. Bustani ya mita 30 kwa 20 ina mzunguko wa mita 100, kwa hiyo inahitaji miche kama 330. Ongeza 40 ya kujazia itakayokufa. Mwenye mifugo mingi karibu apande mistari miwili iliyoachana sentimita 40, miche ikiwa kila sentimita 50 na ikipishana, jumla miche 400. Matuta ya mboga yaanze mita moja na nusu kutoka kwenye uzio, maana mizizi ya mchongoma nayo hula.

Uzio mchanga wenyewe huhitaji uzio. Lundika matawi makavu ya miiba upande wa nje kwa mwaka wa kwanza, palilia, na usiruhusu majani makavu ya kufunikia udongo yaguse shina, kwa kuwa mchwa hupanda kupitia hapo na kuumaliza mche wakati wa kiangazi.

Sasa tuje kwenye mkasi. Mche unapofika urefu wa goti, kwa kawaida ndani ya msimu wake wa kwanza, mwenye bustani huutazama kwa fahari na kuuacha ukue kwenda juu bila kuukata. Ndivyo nilivyofanya mimi kwenye uzio wangu wa kwanza. Baada ya miaka mitatu nilikuwa na ukuta mzuri wa kijani kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini yake safu ya mashina mithili ya miguu ya meza, ambako kuku, mbwa na mbuzi walipita wapendavyo. Uzio wa namna hiyo haurekebishiki kwa kukata juu. Inabidi kuushusha wote hadi sentimita 20 mwanzoni mwa mvua na kuanza upya, na kuusubiri tena.

Kwa hiyo mche ukifika sentimita 50, ukate ubaki 25. Chagua jicho lenye afya na ukate sentimita moja juu yake, kwa mkato wa mshazari, kwa chombo kikali kisichochana ganda. Baada ya wiki kadhaa za mvua utaona machipukizi matatu hadi matano yakitoka chini ya mkato, mengine karibu kabisa na ardhi, na hayo ya chini ndiyo yatakayomzuia mbuzi. Yakifika urefu wa mkono hadi kiwiko, yakate nusu yake. Endelea hivyo kila msimu wa mvua, ukiruhusu uzio upande sentimita 20 tu kila unapoukata, mpaka ufike mita 1.2 au 1.5. Umbo liwe pana chini na jembamba juu, mfano wa paa la nyumba ya nyasi, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ukiufanya mpana juu, kivuli chake chenyewe kitaua matawi ya chini na utarudi kwenye miguu ya meza. Usikate kiangazi kikiwa kimeshika, kwa sababu machipukizi yatakayotoka yatakauka. Vaa glovu na viatu vigumu, maana mwiba huu hupita kwenye ndala bila kusita. Msemo wa kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, haukutungwa na mtu aliyeuona mti huu kwa mbali.

Anayetaka na matunda akubali kwamba uzio unaokatwa mara kwa mara huzaa kidogo. Njia ninayoipendekeza ni kuacha mti mmoja kila mita kumi ukue juu ya wenzake bila kukatwa kileleni. Kuna jambo hapa: kwa kawaida mti mmoja wa mchongoma hubeba maua ya kiume na mwingine ya kike, hivyo miche ya mbegu huchanganyika na huwezi kuijua mpaka itoe maua. Weka alama ya kitambaa kwenye inayozaa, na hiyo ndiyo ya kuchukulia vipandikizi, ukibakiza michache ya kiume kwa ajili ya uchavushaji. Matunda hufaa kwa juisi na jamu. Yanayoanguka yaokotwe kila baada ya siku mbili na kufukiwa nusu mita chini, kwa kuwa inzi wa matunda huzaliana katika tunda lililoiva na kuachwa, kisha akahamia kwenye maembe na mapera yako.

Matawi uliyokata usiyaache njiani, kwani pancha za baiskeli na bodaboda zitakugombanisha na mtaa mzima. Mengine yasukumie kwenye mapengo ya uzio. Pengo linalozidi nusu mita lizibe kwa kulilaza tawi refu la mche wa jirani: likwaruze ganda upande wa chini, lizike sehemu hiyo sentimita kumi ardhini, ligandamize kwa jiwe, ambalo Mwanza halikosekani, na uache ncha yake ikitazama juu. Lifanye wakati wa vuli, na usilitenganishe na mama yake mpaka masika yapite.