Waifai inashika, intaneti haipo: kwanza uliza nani amekupa anwani

Jumamosi moja nilikuwa Tabata, Dar es Salaam, nyumbani kwa shangazi. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi simu yake ikawa inashika waifai kama kawaida lakini haifungui kitu. "Mwanangu," akaniuliza, "mbona televisheni ya sebuleni inaonyesha na simu yangu haitaki?" Swali lake lilikuwa na nusu ya jibu. Sikulitilia maanani, na kazi ya nusu saa ikanila kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hatua hizi nimezipanga kwa namna ninayozifuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Taa na malipo

Hakikisha kifurushi hakijaisha. Kama mna faiba, tazama kisanduku kinachopokea ule waya mwembamba kutoka nje. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna utakachobadilisha wewe. Ipigie kampuni yako simu na utaje taa hiyo kwa jina. Waya wenyewe usiukunje. Ndani yake ni kioo.

Hatua ya 2: Tumia waya

Zima waifai ya laptopu, uichomeke kwa waya kwenye ruta kuu (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani). Mimi sipimi tatizo la mtandao kwa waifai hata siku moja. Kuta, umbali na ruta za majirani huingiza matatizo yao, ukaishia kutafuta mambo matatu kwa pamoja. Mita mbili za waya wa mtandao wa Cat5e zinakuondolea hayo yote.

Hatua ya 3: Soma anwani uliyopewa

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig /all, bonyeza Enter. Tafuta mistari mitatu: IPv4 Address, Default Gateway na DHCP Server. Ya kwanza ni anwani ya kompyuta yako, namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ya pili ni mlango unaotumia kutoka kwenda nje. Ya tatu ni kifaa kilichokupa hizo mbili. Kwenye simu ya Android, gusa jina la waifai uliyounganishwa nayo na ufungue maelezo yake. Utaiona anwani na gateway.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, hakuna aliyekupa. Kompyuta iliomba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Badilisha waya, jaribu tundu jingine la ruta, kisha zima ruta na uiwashe.

Ukikuta anwani inayoonekana nzuri, usiridhike. Mimi niliona 192.168.0.104 na gateway 192.168.0.1. Nikai-ping, yaani nikaandika ping 192.168.0.1 kwenye cmd kuona kama inajibu, ikajibu mara nne bila kuchelewa. Nikaamua ruta ni nzima, basi kosa ni la kampuni. Nikapiga simu, fundi wao akaja, akapima laini, akasema iko sawa. Na alisema kweli.

Geuza ruta kuu usome kibandiko chake cha chini. Ya shangazi iliandikwa 192.168.1.1. Sasa ile 192.168.0.1 iliyonijibu ilikuwa nani? Ilikuwa ruta ndogo ya mpangaji wa chumba cha nyuma. Aliinunua ili waifai imfikie, akavuta waya kutoka ruta kuu na kuuchomeka kwenye tundu la LAN la ruta yake, lile la kuunganisha vifaa vya ndani. Kwa nia njema kabisa, na kwa wiki kadhaa ilifanya kazi.

Karibu kila ruta ya nyumbani inatoka kiwandani ikiwa tayari kugawa anwani. Zikikutana mbili kwenye mtandao mmoja, kifaa kikiomba anwani zote mbili zinasikia, na kwa kawaida ile inayowahi kujibu ndiyo inayofuatwa. Ukipewa na ruta kuu, unatoka nje. Ukipewa na ile ndogo, unaelekezwa kwenye mlango usio na njia, kwa sababu tundu lake la WAN, linalopokea intaneti kutoka nje, halina kitu. Ndiyo maana televisheni ilionyesha na simu ikakataa, katika nyumba moja na laini moja. Na ndiyo maana tatizo lilizuka baada ya umeme kukatika: uliporudi vifaa vyote viliomba anwani upya, na ruta ndogo huwa inawahi kuamka.

Kuna sura mbaya zaidi ya jambo hili: ruta zote mbili kutumia 192.168.1.1. Hapo gateway itaonekana sahihi kabisa na intaneti itakuja na kupotea. Kwenye cmd andika arp -a na uangalie namba ndefu iliyo kando ya 192.168.1.1. Hiyo ni MAC, namba ya kifaa chenyewe, na inapaswa kufanana na iliyo kwenye kibandiko cha ruta kuu. Mara nyingi hutofautiana tarakimu za mwisho tu. Ikiwa tofauti kabisa, una ruta ya pili mahali fulani. Fuata waya zote, chumba kwa chumba, na ubishe hodi kwa heshima.

Hatua ya 4: Ping tatu

Gateway ikiwa sahihi, fanya ping kwa mfuatano huu: gateway, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google), kisha google.com. Ya pili ikikwama, tatizo liko kati ya ruta kuu na kampuni. Ya pili ikijibu na ya tatu ikakataa, ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba; weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya ruta kuu.

Hatua ya 5: Ruta ya pili ibaki, lakini isigawe anwani

Usimnyang'anye mpangaji ruta yake. Igeuze iwe ya kusambaza waifai tu. Kama ina chaguo la Access Point, unaweza kulitumia. Mimi napendelea kufanya kwa mkono, kwa sababu najua nimegusa nini.

Ichomoe kwenye mtandao kwanza, kisha unganisha laptopu nayo peke yake kwa waya. Fungua 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anza na jina la waifai na nywila, na uchague chaneli tofauti na ya ruta kuu, kwa 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11. Halafu zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Mwisho kabisa badilisha anwani yake ya LAN iwe ya ukoo wa ruta kuu, mfano 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha namba hiyo haimo katika zile ambazo ruta kuu inagawa.

Ukishahifadhi, ukurasa utakufa. Usiogope na usibonyeze Reset, maana Reset inarudisha kila kitu cha kiwandani pamoja na DHCP. Ruta sasa inaitwa 192.168.1.2 na haigawi tena, kwa hiyo ukitaka kurudi humo jipe anwani kwa mkono: 192.168.1.50, mask 255.255.255.0.

Sasa rudisha waya wa kutoka ruta kuu kwenye tundu la LAN, siyo WAN. Ziba WAN kwa utepe wa gundi, na ubandike kibandiko juu: "DHCP imezimwa, anwani 192.168.1.2, usibonyeze Reset." Mpangaji atahama siku moja, na atakayeikuta ajue.

Hatua ya 6: Zima umeme wa nyumba

Intaneti ikirudi usiage. Waombe wenye nyumba ruhusa, shusha swichi kuu, subiri dakika moja, uirudishe. Kisha pitia simu moja moja usome gateway. Kwa shangazi zilikuwa simu saba na televisheni, zote 192.168.1.1, na mpangaji wa chumba cha nyuma alitoka mwenyewe kuniletea ya kwake niikague.