Somo: Misingi ya miliki bunifu, hatua kwa hatua

Wengi wanaoanza somo hili hukimbilia swali la usajili: niende ofisi gani, nijaze fomu ipi? Swali hilo lisubiri. Kinachowapoteza watu ni kutojua wanamiliki nini hasa, kwa sababu miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili ya mtu, si sheria moja. Ni sheria kadhaa, kila moja na masharti yake, muda wake na mianya yake. Tutatumia mfano mmoja: umebuni kichujio cha maji cha nyumbani.

Hatua ya 1: Kigawe kitu chako vipande

Chukua karatasi uorodheshe kila kilichomo. Jina la kichujio ni suala la alama ya biashara. Mbinu mpya ya kunasa uchafu ni suala la hataza (patent), yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako kwa muda maalumu. Umbo lake linalovutia macho huingia kwenye muundo wa bidhaa. Kijitabu cha maelekezo, michoro yake na programu ya simu inayokumbusha siku ya kukisafisha ni mambo ya hakimiliki. Kipimo cha udongo wa kukifinyangia kichujio, unachokijua wewe peke yako, ni siri ya biashara. Anayesema "kichujio changu nimekikatia hakimiliki" bado hajaanza somo.

Hatua ya 2: Elewa hakimiliki, maana unayo tayari

Ukimaliza kuandika kijitabu, haki imeshazaliwa. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hasa tangu uliporekebishwa mjini Berlin mwaka 1908, hauifanyi haki itegemee usajili. Kwa kazi nyingi kiwango cha chini cha muda ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeongeza hadi 70.

Hapa ndipo penye fundo la somo zima: hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wazo lenyewe halilindi. Mtu akisoma kijitabu chako, akaelewa jinsi ya kusafisha kichujio, kisha akaandika maelekezo yake kwa maneno yake, hana kosa. Akizinyofoa aya zako, anawajibika. Ukilishika hilo, nusu ya mabishano ya "ameniibia wazo" utayamaliza mwenyewe.

Hatua ya 3: Hataza, na kufunga mdomo

Uvumbuzi lazima uwe mpya, usiwe jambo lililo wazi kwa fundi wa fani hiyo, na uweze kutumika viwandani. Ulinzi chini ya Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, haupungui miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi.

Upya ndio huwaliza wavumbuzi. Ukionyesha mbinu yako kwenye maonyesho au ukaweka video yake mtandaoni kabla ya kuomba, mara nyingi wewe mwenyewe ndiye uliyeuua upya huo. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuomba tangu autangaze uvumbuzi wake. Ulaya ni wagumu zaidi. Kwa hiyo omba kwanza, jisifu baadaye. Ukilazimika kumweleza mwekezaji, atie saini makubaliano ya usiri kabla hujafungua mkoba.

Au usiombe kabisa. Hataza inakudai ueleze uvumbuzi hadharani, na muda ukiisha kila mtu anautumia. Siri ya biashara haina ukomo maadamu unailinda, ila mshindani akinunua kichujio chako kihalali, akakifungua na kung'amua mwenyewe, humwezi. Kwangu mimi, kitu kinachofichuka kwa bisibisi kinafaa hataza. Kipimo cha udongo kinafaa siri.

Hatua ya 4: Chagua jina lenye nguvu

"Kichujio Safi" ni jina dhaifu, kwani linaeleza bidhaa tu na kila muuzaji ana haki ya kusema hivyo. Neno la kubuni ni imara zaidi. Usajili hufanywa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma. Mfumo wa Nice, orodha ya kimataifa ya madaraja hayo, una 45, ya 1 hadi 34 kwa bidhaa na yaliyobaki kwa huduma. Alama inaweza kuhuishwa bila kikomo, lakini hufa ikigeuka jina la kawaida la bidhaa, kama ilivyoamuliwa kuhusu "aspirin" ya Bayer nchini Marekani mwaka 1921.

Hatua ya 5: Kumbuka mipaka

Hakuna hataza ya dunia nzima. Mkataba wa Paris wa 1883, wa kimataifa kuhusu hataza, alama na miundo, unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza la hataza kuomba katika nchi nyingine bila kupoteza tarehe ya ombi hilo la kwanza. Kwa alama na miundo ni miezi 6. Hesabu hiyo iandike ukutani.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikitaja jina la mpiga picha, si inatosha?
Haitoshi, ndugu. Kumtaja ni kuheshimu haki yake ya kutambuliwa. Ruhusa ya kutumia picha ni jambo jingine. Tafuta ruhusa, au leseni iliyotolewa wazi.

Nasikia sekunde 30 za muziki ni bure.
Mikataba niliyoitaja haina kipimo hicho. Sheria huangalia kusudi la matumizi, kiasi kilichochukuliwa na madhara kwa mwenye kazi. Hata kipande kifupi kinaweza kukuponza.

Nimesajili jina la kampuni. Bado nahitaji alama ya biashara?
Ndiyo. Jina la kampuni linaitambulisha kampuni kwenye daftari la msajili. Haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye bidhaa zake hutoka hasa kwenye alama.

Kama hakimiliki huja yenyewe, mbona wengine wanasajili?
Kwa ajili ya ushahidi. Marekani, kwa kazi zao za ndani, unatakiwa uwe umeomba usajili na kupata jibu la ofisi kabla ya kufungua kesi.

Nilimlipa mbunifu anichoree nembo. Ni yangu, sivyo?
Si lazima. Kazi ya mwajiriwa ndani ya majukumu yake kwa kawaida huwa ya mwajiri, lakini mtu wa mkataba wa kujitegemea mara nyingi hubaki na hakimiliki hadi aihamishe kwa maandishi. Risiti ya malipo si hati ya kuhamisha. Mwombe asaini sasa, kabla nembo haijawa na thamani.