Namna ya Kuusoma Uso wa Nyumba ya Matofali ya Enzi ya Wafalme George

Nyumba za mjini zilizojengwa Uingereza kati ya 1714 na 1830, walipotawala wafalme wanne mfululizo wenye jina la George, huonekana kuwa za kawaida mpaka mtu ajue pa kutazama. Ukifika Bedford Square, London, ambako safu za nyumba zilijengwa kuanzia 1775 hadi 1783, simama kwanza ng'ambo ya barabara.

Linganisha urefu wa madirisha. Marefu kuliko yote yako ghorofa ya kwanza, penye vyumba vya kupokelea wageni. Yale ya juu kabisa, yanayokaribia kuwa mraba, ni ya watoto na watumishi. Jikoni kulikuwa chini ya usawa wa barabara, nyuma ya uzio wa chuma.

Sasa sogea, upitishe mkono kando ya dirisha. Kama fremu imeingia ndani, na kasha la mbao lenye kamba na vyuma vya uzito vya kupandishia kioo limefichwa nyuma ya matofali, hiyo ni alama ya sheria ya ujenzi ya 1774, iliyotungwa kwa kuhofia moto. Dirisha lililozibwa lisikudanganye: wengi hukimbilia kuilaumu kodi ya madirisha, iliyodumu kuanzia 1696 hadi 1851, ilhali mara nyingi lilijengwa hivyo tangu mwanzo ili pande mbili za nyumba zilingane.

Matofali ndiyo yanayotaka subira. Katika kila mstari tofali moja limelazwa kwa urefu na linalofuata linaonyesha kichwa, yaani upande wake mfupi. Vichwa hivyo vilipaswa kupenya na kulishika tabaka la ndani la ukuta, lakini wajenzi wabahili, wakitaka kuokoa matofali mazuri, walivikata nusu, na tabaka la mbele likabaki halina mshiko wa kutosha. Sogeza shavu karibu na ukuta, ufumbe jicho moja, utazame sambamba nao. Ukiona ukuta umetoa tumbo, shuku hila hiyo.

Kisha gusa kiungo kati ya matofali kwa ukucha, taratibu. Chokaa hutoa unga. Saruji haitoi kitu, na palipozibwa kwa saruji unyevu hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, ambalo hatimaye hubanduka uso. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huo katika kuta zao za mawe ya matumbawe. Saruji hiyo itolewe kwa patasi na nyundo, si kwa mashine ya kukatia, ambayo hula kingo za matofali, kisha kiungo kijazwe chokaa upya.