Ukiletewa pete ya ubingwa wa besiboli hapa Lamu, ipime hivi kabla hujatoa pesa

Jamani ukiuziwa pete ya ubingwa wa besiboli, iwe ni mgeni kaja nayo Lamu au umeiona mtandaoni, usianze na bei, uliza kwanza ilikuwa ya nani. Timu ikishinda World Series, yaani fainali za ubingwa wa besiboli Marekani, huwapa wachezaji pete, timu ya New York Giants ilifanya hivyo 1922, lakini siku hizi makocha, maskauti (wale wanaosaka vipaji) na hata watu wa ofisini nao hupata, kwa hiyo pete yaweza kuwa halali kabisa na isiwe ya mchezaji, na hapo bei inashuka sana. Ile ya Babe Ruth, mchezaji maarufu wa zamani, ya 1927 iliuzwa mnadani 2017 kwa zaidi ya dola milioni 2, na hizo pesa wallahi si za dhahabu, ni za jina.

Haya, chukua lenzi uangalie ndani. Tafuta 10K au 14K, yaani kiwango cha usafi wa dhahabu, na chapa ya mtengenezaji kama Jostens au Balfour, halafu jina na mwaka vilingane na orodha ya wachezaji wa msimu ule. Hesabu na mawe pia, mfano pete ya Chicago Cubs ya 2016 ina almasi 108 kuzunguka uso wake kwa sababu walikaa miaka 108 bila ubingwa, kama hazifiki hiyo uliza maswali zaidi kabla hujalipa. Kuna replika, yaani nakala, mashabiki hupewa bure uwanjani, hizo ni za ukumbusho tu, mtu asikuuzie kwa bei ya dhahabu.

Sasa uzito, hapa ndio penye kazi. Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri, pima pete ikiwa kavu, kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, shusha pete kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa hiyo namba mpya. Tuseme ni gramu 60 na majini inasoma 4.6, unapata 13, hiyo inaelekea dhahabu ya 14K, lakini ikisoma 7 unapata 8 na nusu na hiyo ni shaba ya njano bana. Mawe mengi na mapovu ya hewa hushusha jibu, kwa hiyo tikisa uzi kidogo na urudie. Sonara akitaka kuisugua kwenye jiwe lake atie asidi, mimi nasema mkatalie, mkwaruzo hautoki na wanunuzi wa vitu hivi wanauona.

Karatasi ni lazima: barua ya mchezaji au familia yake, risiti ya mnada, picha akiwa ameivaa. Hana hata moja? Basi lipa bei ya dhahabu tu, au achana nayo.

Ukishainunua usiipanue ikuenee kidole, usiisugue kwa ndimu wala dawa ya meno, ifute kwa kitambaa laini uiweke kwenye kikopo kinachofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa yetu ya chumvi itakula zile sehemu zilizopakwa dhahabu juu tu au za fedha.